Kwa Nini Ua Wangu Hautamwagwa Tena Zege la Chapa

Mwaka 2018, nilipomaliza kulipia zege la chapa, yaani zege linalogongwa nakshi kabla halijakaza, katika ua wa nyuma wa nyumba yetu huko Tegeta, jijini Dar es Salaam, niliamini kwamba nimemalizana na ardhi ile kwa maisha yangu yote. Ua wenyewe ni wa mita 4 kwa 5, kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye mwarobaini, na fundi alikuwa ameugonga nakshi ya mawe ya mraba yenye rangi ya chungu kipya, ukang'aa hata wageni wakawa wanavua viatu kabla ya kuukanyaga. Miaka mitatu baadaye ankara ya maji ilianza kupanda mwezi hadi mwezi ilhali matumizi yetu hayajabadilika. Fundi bomba alikuja, akafunga mabomba yote ya ndani, akaona mita bado inazunguka, kisha akapiga magoti na kuweka sikio juu ya ile sakafu ya fahari. Aliposimama alijifuta vumbi shavuni na kusema: "Dada, linavujia hapa chini. Hapa hakuna namna, tunapasua."

Tulipasua. Mfereji wa upana wa chepe moja, wenye urefu wa mita 2 na zaidi, ulikata nakshi katikati, bomba la nusu inchi likabadilishwa kiungo kwa muda usiozidi dakika 20, na kazi ya kurudisha sakafu ikachukua wiki nzima pasipo kufanikiwa. Fundi aliyepiga chapa alirudi na mikeka yake ile ile ya mpira na unga wa rangi ule ule, lakini rangi ya zege hutegemea pia kiasi cha maji yaliyotiwa wakati wa kuchanganya, na ile ya zamani ilikuwa imekwisha kupigwa jua kwa miaka mitatu. Alijaribu mara mbili. Kilichobaki ni kiraka kinachoonekana tangu dirishani, mithili ya kipande cha kaniki kilichoshonewa katikati ya kanga.

Tangu hapo, kila ndugu au jirani anayeniuliza atandaze nini uani humjibu bila kusita kwamba atandaze vitofali vya pevingi, vile ambavyo wenzetu wa Mombasa na Nairobi huviita kabro, na aachane na zege la chapa. Sisemi hivyo kwa kuwa zege ni dhaifu, kwani likimwagwa ipasavyo ni gumu kuliko mahitaji ya ua wowote wa kunywea chai. Nasema hivyo kwa sababu ya namna tunavyojenga. Nyumba zetu nyingi hazimaliziki kwa mkupuo. Leo mtu anahamia ikiwa na vyumba viwili, mwakani anaongeza jiko la nje, mwaka unaofuata anaweka tangi la maji na pampu, kisha anataka taa ya uani, kisha karo linajaa na chemba mpya inahitajika. Kila moja ya hatua hizo inataka kufukua ardhi ile ile iliyoko kati ya nyumba na ukuta wa uzio. Kuifunika ardhi hiyo kwa kipande kimoja kigumu kisichofunguka ni kujiwekea deni ambalo mtoto wako, au bomba lako, atakudai siku usiyoitarajia.

Ushauri mwingi tunaousoma na kuutazama mtandaoni kuhusu jambo hili unatoka Marekani na Kanada, na hoja yake kubwa ni barafu: maji huingia ardhini, yanaganda, yanavimba, na kuinua sakafu kila msimu wa baridi. Dar es Salaam haina barafu, na watu wengine huhitimisha haraka kwamba kwa hiyo zege letu halitapasuka. Adui zetu ni wengine. Kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, kuna kifusi ambacho kilijazwa kuinua kiwanja na hakikushindiliwa, na kuna mizizi ya miti tunayoipenda kwa kivuli chake. Kwa wanaoishi karibu na bahari kuna chumvi inayokula chuma. Wavu wa chuma ukilazwa chini kabisa juu ya udongo, kama nilivyoona ukilazwa katika nyumba zaidi ya moja, hausaidii zege kitu; unapaswa kuinuliwa kwa vijiwe ili ukae ndani ya unene wa zege, tena juu kidogo ya katikati, ukiwa umefunikwa kila upande.

Jambo ambalo wauzaji wa zege la chapa hawapendi kulizungumza ni mikato. Zege lote husinyaa linapokauka, na litapasuka tu. Fundi anachoweza kuamua ni lipasukie wapi. Ndiyo maana sakafu yenye unene wa sentimita 10 hukatwa mistari kila baada ya mita 2.5 hadi 3, kwa kina cha robo ya unene, mapema kabla halijachagua lenyewe pa kupasukia. Sasa mchukue mteja ambaye amelipia nakshi ya mawe ya kale, umwambie kwamba utapitisha msumeno katikati ya mawe hayo. Fundi wangu aliona haya, au pengine aliona uvivu, akakata mstari mmoja tu karibu na ukuta mahali ambapo hauonekani. Mwaka wa pili ufa ulijitokeza wenyewe, ukapita kimshazari kutoka kona ya ngazi hadi kwenye mwarobaini, bila kujali mawe ya bandia yaliyochorwa hapo. Iwapo baada ya yote haya bado unalitaka zege la chapa, mwulize fundi wako atakata wapi, na umtake akuchoree mistari hiyo kwa chaki kabla ya karai la kwanza kumwagwa.

Kuna pia suala la utelezi, ambalo kwangu lilikuwa karibu lilete msiba. Mng'aro ule unatokana na dawa inayopakwa juu ili kuziba vinyweleo vya zege na kukoleza rangi, nayo inahitaji kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Asubuhi moja ya Aprili, mama mkwe wangu alitoka na ndala kuanua nguo, mvua ikiwa imeanza kunyunya, akateleza na kuangukia kiwiko. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu. Alipokaa kwenye kigoda akichuliwa alisema maneno machache tu: "Mwanangu, uani ni pa kupitia, si pa kujitazamia sura." Baadaye niliambiwa kwamba dawa hiyo huweza kuchanganywa na chembechembe ndogo za kusaidia unyayo usiteleze, na ni kweli, ila hakuna aliyenitajia siku ya kulipa.

Pevingi nazo si mteremko, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa kuwa ubaya wa pevingi nyingi ninazoziona mitaani hautokani na vitofali bali na kilichofichwa chini yake. Ulazaji wa vitofali vya zege kama tunavyoujua leo ulienea kutoka Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni laini na karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, na ambako ilikuwa faida kuwa na barabara inayoweza kufunguliwa, kusawazishwa na kufungwa tena. Nguvu yake haimo katika kitofali kimojakimoja. Imo katika kubanana: kitofali kinabanwa na jirani yake, mchanga laini unajaza nafasi zilizo kati yao, na kingo za zege pembeni huzuia ukoo wote usitawanyike. Ukiondoa kingo, vitofali vya pembeni huanza kusogea, mchanga unatoka, na mwaka mmoja baadaye una uwanja wa mawimbi.

Kwa ua wa kawaida wa kutembea na kukaa, kitofali cha unene wa milimita 60 kinatosha, na hata gari dogo la nyumbani litapita, ila kwa mahali pa magari ningelaza kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ambao hauruhusu vitofali kuteleza vinaposukumwa na matairi. Kile cha kawaida chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo ua kama wangu unataka 1,000, nami ningeongeza 50 au zaidi vya kukatwa na vya akiba. Usinunue kwa kutazama rangi. Chukua viwili uvigonganishe: kizuri kinatoa mlio mkali kama chungu kizima, kibovu kinatoa sauti ya kufa. Kisha sugua uso wake kwa sarafu au kwa ukucha, na ukiona unga unatoka, ujue saruji ilibaniwa au kitofali kilianikwa juani kabla ya kumwagiliwa maji ya kutosha. Wafyatuaji wengi wa kando ya barabara wanaifanya kazi yao vizuri sana, na wengine wanakuuzia biskuti.

Chini ya kitofali panahitajika tabaka la moramu, yaani udongo wa changarawe, au kokoto iliyochanganyika na vumbi lake, unene wa sentimita 10 hadi 15, iliyoloweshwa kidogo na kushindiliwa kwa mashine, si kwa miguu ya vibarua. Juu yake huja mchanga wa sentimita 3 hivi, uliosawazishwa kwa ubao, na mchanga huo usitumiwe kamwe kuficha mashimo ya tabaka la chini. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mahali: fundi anakuta bonde, analijaza mchanga, uso unaonekana umenyooka kama meza, mteja analipa, na masika ya kwanza yanafichua yote. Mteremko nao upimwe tangu chini kabisa, sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba. Katika ua wa mita 4 hiyo ni tofauti ya sentimita 8, ambayo jicho haliioni lakini maji ya Aprili huiona mara moja.

Wanaolitetea zege huniambia kwamba pevingi huota majani na sisimizi hufukua mchanga. Ni kweli tupu. Majani mengi huanzia kwenye vumbi na mbegu zinazotua juu, kwa hiyo ufagio wa kila siku hufanya nusu ya kazi, na mchanga hurudishwa mara moja kwa mwaka kwa kuumwaga na kuufagilia ndani ya nafasi. Mimi huona hiyo ni kazi ya asubuhi moja ya Jumamosi, ingawa nakiri kwamba asubuhi hiyo mara nyingi hufanywa na mwanangu.

Kuhusu gharama sitataja bei, kwa sababu bei ya leo ya saruji si ya mwezi ujao. Naomba tu mtu alinganishe vitu vinavyolingana. Sakafu ya zege ya mita za mraba 20 yenye unene wa sentimita 10 inataka mita 2 za ujazo, yaani mifuko 13 hivi ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, na juu yake kuna wavu, unga wa rangi, kukodi mikeka ya chapa, na fundi mwenye ujuzi ambao si kila mmoja anao. Zege halimsubiri mtu, hasa saa sita mchana, na likishakaza kabla ya chapa kugongwa hakuna pa kurudia. Mlazaji wa pevingi akikosea mstari, anaung'oa na kuupanga upya.

Kuna mahali pamoja ambapo ningechagua zege bila kubishana: chini ya paa, kwenye kibaraza kidogo kisichopitiwa na bomba wala waya, hasa ikiwa nyumbani kuna mtu anayetumia kiti cha magurudumu au mkongojo. Hapo sakafu isiyo na viungo ni raha, mvua haifiki, jua halichujishi rangi. Hata hapo ningeliacha liwe zege la kusuguliwa kwa ufagio, lenye mikwaruzo midogo ya kushika unyayo, na nakshi ningeiacha kwenye mito ya viti.

Ua wa nyuma niliuvunja wote mwaka 2022, na vipande vya ile nakshi vikapondwapondwa kuwa sehemu ya tabaka la chini la pevingi. Mwaka jana, baada ya masika, pembe ya karibu na bomba la nje ilididimia kama kiganja. Fundi aliingiza bisibisi mbili kwenye nafasi, akachomoa kitofali cha kwanza kwa shida na vingine vyote kwa mkono, akaviweka kando 38, akaongeza moramu, akashindilia, akasawazisha mchanga na kuvirudisha vile vile vilivyokuwa. Aliomba vitatu vya akiba badala ya vilivyomeguka pembe. Nilikwenda kuvichukua nyuma ya jiko, nikalazimika kumwondoa kwanza kuku aliyekuwa akiatamia juu ya rundo, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekwisha kuanika nguo hapo hapo.