Si kila kitu ni moyo

Dada yangu anakaa Kondele, Kisumu. Mtoto wake alipozaliwa daktari alisikia mlio kwa kifua, akapimwa eko, ile picha ya moyo, wakaambiwa ana tundu kwa moyo, na kuanzia hiyo siku kila kitu kikawa moyo. Hanyonyi vizuri, ni moyo. Anatapika, ni moyo. Analala sana, ni moyo unamchokesha. Akiwa na wiki sita akashikwa na homa, usiku mzima akakataa titi, asubuhi ukimuinua mkono unaanguka tu, na hospitali ya kwanza tuliyokimbilia wakamuongezea dawa ya kukojoa wakatuambia turudi kliniki ya moyo Jumanne.

Hatukungoja Jumanne. Pale pa pili nesi alimdunga kisigino akapima sukari na kile kimashine cha watu wa kisukari, ikasoma 1.2, yaani imeshuka vibaya. Akaita daktari kwa sauti, wakamwekea sukari kwa mshipa, na baada ya muda kidogo mtoto akafungua macho akalia, sisi sote tukalia naye.

Kumbe ana ugonjwa mwingine, wa kurithi. Mwili ukikaa bila chakula huvunja mafuta upate nguvu, sasa yeye enzaimu ya hiyo kazi haifanyi. Mama amebeba jeni moja mbovu, baba moja, wenyewe wazima kabisa, na kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kwa 4. Nasema hivi kwa sababu nyumbani watu walishaanza maneno ya chira, laana ya kuvunja mwiko, na dada yangu aliyameza hayo maneno akiwa bado na kidonda cha uzazi. Hakuna aliyevunja mwiko wowote jamani.

Magonjwa ya aina hii ni mengi. Kuna yale amonia inapanda kwa damu inaumiza ubongo, kuna Pompe ambayo misuli ya moyo wenyewe inanenepa. Na mtoto wa moyo ndiye anafungishwa kula kabla ya oparesheni, yaani kama ana shida kama ya huyu wetu na hakuna anayejua, njaa ya usiku mmoja inaweza kumuua kabla hata hajafika meza ya oparesheni. Ndiyo maana naomba, mtoto wa moyo akilegea au akitapika ovyo, pimeni sukari, amonia na asidi ya damu kwanza ndio mseme ni moyo.

Na kinachoniuma zaidi, kutoboa kisigino tunajua. Huku Nyanza watoto wa akina mama wenye virusi vya ukimwi wanatolewa matone ya damu, yanakaushwa kwa karatasi yenye miduara mitano, inapelekwa maabara. Hiyo karatasi Robert Guthrie wa Marekani alianza kuitumia miaka ya 1960 kupima watoto wachanga ugonjwa wa kurithi wa PKU, na siku hizi mashine moja inasoma magonjwa mengi kwa tone lile lile. Mashine ni ghali, sikatai, lakini ya sukari iko hata kwa duka la dawa.

Oparesheni yake ni mwezi ujao. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha kliniki dada ameandika kwa biro nyekundu, herufi kubwa: ASIKAE NJAA BILA DRIPU YA SUKARI. Chini yake ameweka namba yake ya simu, na yangu.