Erthi ya TT na TN-C-S: nani aitunze njia ya kurudi kwa umeme?

Mafundi wa umeme wanapobishana kuhusu erthi, yaani kiungo cha umeme na ardhi, mara nyingi hubishana kuhusu fimbo ya chuma inayozikwa ardhini: iwe na urefu gani, ichimbiwe wapi, izungushiwe mkaa na chumvi au la. Swali linalotangulia yote hayo huachwa nyuma, nalo ni hili: umeme ukivuja na kugusa bodi ya friji, utarudi kwenye transfoma kwa njia ipi, na ni nani anayeitunza njia hiyo? Hapo ndipo mifumo ya erthi inapotofautiana hasa.

Herufi zinazotumiwa katika viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, zinatokana na Kifaransa. Ya kwanza inaeleza upande wa transfoma: T ina maana kwamba nyutro (waya wa kurudisha umeme) imeunganishwa moja kwa moja na ardhi, na I kwamba imetengwa na ardhi au imeunganishwa kupitia ukinzani mkubwa. Ya pili inaeleza bodi za vyombo vya mteja: T ina maana kwamba zina fimbo yake yenyewe ardhini, na N kwamba zimeungwa na nyutro ya mtandao. Katika TN-S, waya wa erthi na wa nyutro hutengana tangu kwenye transfoma. Katika TN-C waya mmoja hufanya kazi zote mbili hadi mwisho. Na katika TN-C-S waya huo mmoja, uitwao PEN, hufika mpaka kwa mteja kisha ndipo hugawanywa. IT naiweka kando mapema, kwa sababu mahali pake panapojulikana zaidi ni vyumba vya upasuaji, ambako hitilafu ya kwanza haitakiwi kuzima umeme katikati ya kazi bali kupiga kengele. Kwa nyumba ya kawaida inayopokea waya mbili kutoka kwenye nguzo, ubishi wenye maana ni kati ya TT na TN-C-S.

Nguvu ya TN-C-S haikanushiki. Njia ya kurudi ni ya chuma mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo sana. Uingereza hutumia kikomo cha kawaida cha omu 0.35 kwenye mlango wa mteja. Kwa volti 230, hitilafu karibu na hapo huvuta zaidi ya ampea 600, na sakiti breka ya ampea 32 aina ya B, ambayo hukata papo hapo mkondo unapofika ampea 160, haina nafasi ya kusitasita.

Linganisha na TT. Tuseme fimbo ya nyumba ina ukinzani wa omu 20, ambao mafundi wengi wangeuona mzuri, na erthi ya transfoma ina omu 5. Mkondo wa hitilafu ni 230 kugawanya kwa 25, yaani ampea 9.2. Breka ile ile ya ampea 32 itauchukulia kama mzigo wa kawaida, na bodi ya friji itabaki na volti 184 hadi mtu aiguse. Kwa hiyo anayesema kwamba fimbo peke yake inalinda nyumba amekosea, hata kama ameizika kwenye udongo wenye unyevu mwaka mzima.

Hesabu inageuka kabisa pale TT inapowekewa RCD, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kisha kukata tofauti inapozidi, kwa mfano, miliampea 30. Hata fimbo ya omu 200, kama zile zinazochimbiwa kwenye mchanga mkavu au juu ya mwamba, itapitisha zaidi ya ampea 1, mkondo unaotosha na kusaza kuiamsha RCD. Naamini ubishi wetu kuhusu mkaa na chumvi (chumvi ambayo mvua huiosha na ambayo huila fimbo yenyewe) ungepungua sana kama fedha hiyo ingeelekezwa kwenye RCD.

Udhaifu wa TN-C-S uko kwenye waya wa PEN. Ukikatika, kwa upepo, kwa wizi au kwa kiungo kilicholegea nguzoni, umeme uliopita kwenye taa na pasi hukosa pa kurudi, nao hupanda kwenye bodi za vyombo vyote vya chuma. RCD haitaokoa hapo, kwa kuwa mikondo miwili inayoipitia bado inalingana. Ndiyo maana mfumo huu huhitaji PEN kufungwa ardhini mahali pengi njiani, na kanuni za Uingereza za mwaka 2002 zinakataza kuunga nyutro ya mtandao na chuma cha karavani au mashua. Hatari nyingine ni ya waya mbili kubadilishana nguzoni wakati wa matengenezo: kwenye nyumba iliyounga nyutro na erthi, fezi (waya unaoleta umeme) huingia moja kwa moja kwenye bodi; kwenye TT bodi hubaki salama.

Kinachonisumbua zaidi ni mchanganyiko usio mfumo wowote. Fundi huunganisha nyutro na fimbo ndani ya nyumba ili "erthi iwe na nguvu", RCD inaanza kujikata bila kukoma, naye huiondoa. Nyumba hiyo imebeba hatari za TN-C-S bila matunzo ya shirika la umeme, na udhaifu wa TT bila kinga yake.

Kwa jengo lenye transfoma yake ningechagua TN-S bila kusita. Kwa nyumba za waya mbili za nguzoni ningechagua TT yenye RCD, nikijua gharama yake: matunzo yote yanamwangukia mwenye nyumba, na katika nyumba za kupanga mara nyingi hakuna anayekumbuka fimbo ilizikwa wapi. Mpangaji anaweza mwenyewe kubonyeza kitufe cha T kwenye RCD, lakini kitufe hicho hupima RCD tu. Ukinzani wa fimbo unahitaji fundi mwenye mita.