Kati ya Kulelewa na Kubebwa: Maoni ya Muuguzi Aliyeko Uingereza

Nilipofanya usaili wangu wa kwanza wa kupanda kutoka daraja la 5 kwenda la 6, katika hospitali moja ya umma kaskazini mwa Uingereza, nilitoka chumbani nikiwa na hakika kwamba nimejibu vizuri, kwa sababu kila nilichoulizwa nilikuwa nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikosa nafasi hiyo. Siku chache baadaye msimamizi wa wodi ya jirani, mama wa Kifilipino aliyekwisha kukaa nchi hii zaidi ya miaka ishirini, aliniita kwenye chumba cha chai, akaniomba nimsimulie majibu yangu kama nilivyoyatoa, kisha akanionyesha jambo ambalo barua ya matokeo haikulitaja. Katika kila mfano nilisema "tulifanya", "tuliamua", "tulimwita daktari", na wasaili hawakuweza kujua mimi hasa nilifanya nini.

Tanga nilikokulia, mtu anayesema "mimi niliamua" mbele ya wakubwa huonekana anajikweza, na hata aliyebeba kazi yote peke yake husema kwamba walisaidiana. Hiyo ni adabu, na ninaiheshimu hadi leo. Lakini adabu hiyohiyo, ikisikilizwa na watu wasioijua, husomeka kama kukosa uamuzi, na kunyamaza kwangu wakati wa makabidhiano ya zamu, ambako nyumbani kungeitwa utulivu, huku kulihesabiwa kuwa sina la kusema kuhusu mgonjwa. Katika saa moja ya chai nilipata kitu ambacho sikupewa katika miaka yangu yote ya utumishi Tanzania: mtu wa kunieleza waziwazi jinsi sifa ya uongozi inavyojengwa, na kwa nini haijengwi na bidii peke yake.

Watafiti wanalo jina la jambo hili. Mwaka 2005 Mmarekani Gerald Ferris na wenzake walichapisha dodoso la vipengele 18 la kupima kile wanachokiita ustadi wa kisiasa kazini, siasa hapa ikiwa haina uhusiano wowote na vyama wala uchaguzi. Waliugawa ustadi huo katika sehemu nne: kusoma watu na hali iliyopo, kuweza kushawishi, kujenga mtandao wa watu, na kuonekana mkweli. Nilipousoma mgawanyo huo mara ya kwanza nilimkumbuka papo hapo muuguzi mfawidhi wa wodi yangu ya kwanza nyumbani, ambaye bila shaka hakuwahi kuliona dodoso lolote la aina hiyo.

Usiku glavu zilipokwisha, wodi nyingine ziliambiwa zisubiri asubuhi. Mama yule mfawidhi alipiga simu moja, na mtunza stoo aliamka kitandani akaja na pikipiki kufungua mlango. Sisi vijana tulisema ana nyota. Hatukuzingatia kwamba mtunza stoo alipofiwa na mama yake, mfawidhi wetu alikaa mkekani msibani hadi siku ya tatu, wala kwamba hakuwahi kuomba boksi moja zaidi ya lile alilolihitaji, hivyo aliposema glavu zimekwisha kila mtu alijua zimekwisha kweli. Alimsalimia mlinzi, mfanya usafi na karani wa masijala kwa majina yao, na kwa hiyo habari zilimfikia kabla hazijawa matatizo. Madaktari walimsikiliza. Huo ulikuwa uongozi wa hali ya juu kabisa, lakini hakumfundisha yeyote, nasi hatukumwuliza, kwa kuwa kumwuliza mkubwa wako amewezaje kupendwa na watu kungekuwa utovu wa heshima. Alipostaafu aliondoka nao.

Ninaamini tunaupoteza ustadi huu nyumbani kwa sababu maneno tuliyo nayo ya kuuelezea ni ya lawama tu. Tunasema majungu, fitina, kujipendekeza, na siku hizi uchawa. Mambo hayo yapo na yanaumiza watu. Lakini tukiisha kulitupa kila jambo la kuhusiana na watu kazini ndani ya kapu hilo moja, wenye dhamiri hujitenga nalo, hufanya kazi kimya wakitumaini kwamba itajisemea, na uwanja hubaki kwa wale wasioona haya.

Kisha kuna kubebwa, yaani kupandishwa kwa mkono wa mkubwa, ambako wengi wetu tunakuchanganya na kulelewa, yaani kufundishwa kazi na aliyekutangulia. Niliwahi kufanya kazi na mwenzetu aliyekuwa na "mtu wake" juu. Yeye ndiye aliyepelekwa semina, yeye ndiye aliyekaimu, na wengi walianza kumwita kiongozi. Mkubwa yule alipohamishwa mkoa, heshima ile ilikwisha ndani ya wiki chache, na nilimhurumia, kwa sababu hakuwa mtu asiyeweza kazi; hakuwahi kufundishwa kusimama peke yake. Alipewa kivuli cha mti wa mtu mwingine.

Hapa ndipo ninapouona ubora mmoja wa kweli wa ugenini. Mama yule wa Kifilipino hakuwa bosi wangu, hakuwa na nafasi ya kunipa, na hakukaa kwenye jopo la usaili wangu wa pili. Alichoweza kunipa ni maarifa: nani aulizwe kabla ya kikao badala ya kushtukizwa ndani ya kikao, namna ya kupinga uamuzi bila kumfedhehesha mwenye uamuzi, na mradi upi mdogo ungenifanya nijulikane nje ya wodi yangu. Alinishauri nisimamie ukaguzi wa vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuzwa, kazi ambayo wengi waliikimbia, na matokeo yake nikayawasilisha mwenyewe. Nilipopanda daraja hakuna aliyesema nimebebwa. Baadaye aliacha kazi akarudi kwao Iloilo, na sifa yangu haikuondoka naye.

Mfumo nao unasaidia. Ili kuhuisha usajili wetu kila baada ya miaka mitatu, baraza la wauguzi la nchi hii hutaka, pamoja na saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza, maoni matano ya watu kuhusu utendaji wetu na maandishi matano ya kujitafakari, kwa hiyo muuguzi hulazimika kusikia anavyoonekana na wengine. Tanzania nayo ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa tathmini, OPRAS, kuchukua nafasi ya taarifa za siri ambazo mtumishi hakuziona. Lilikuwa wazo zuri. Kituoni kwetu fomu zilijazwa mbiombio mwaka wa fedha ulipokaribia kwisha, na mazungumzo yaliyokusudiwa hayakufanyika.

Nisiipambe Uingereza kupita kiasi. Tangu 2015 mfumo wa afya wa England hupima usawa wa rangi kati ya wafanyakazi wake, na taarifa zake zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mwombaji Mzungu aliyeorodheshwa kwa usaili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuajiriwa kuliko sisi wengine. Walezi wa kwenye karatasi wapo wengi. Wangu wa kwanza alikutana nami mara moja na kusaini. Na baba yangu alipofariki nilipewa siku za mapumziko na kadi yenye sahihi nyingi, lakini hakuna aliyebisha hodi nyumbani kwangu. Nilimkumbuka mfawidhi wangu na ule mkeka. Mtandao usiowahi kufika msibani ni mwembamba, na katika hili nyumbani tunawazidi mbali.

Kuhusu ile sehemu ya nne ya ustadi katika dodoso la Ferris, kuonekana mkweli, nina shaka na namna inavyotajwa, kana kwamba mwonekano unatosha. Labda ofisini hutosha kwa muda. Wodini, saa tisa za usiku, wenzako wanajua nani huitikia kengele na nani hujifanya hakuisikia.

Sasa nina kijana mmoja huko Tanga, muuguzi wa mwaka wa pili kazini, ambaye huzungumza nami kwa simu kila Alhamisi. Mwezi uliopita aliniuliza: "Dada, daktari akiandika dozi inayonitia shaka, tena ndugu wa mgonjwa wapo, nifanyeje?" Tulijaribu sentensi kadhaa, tukaacha zilizokuwa kali na zilizokuwa za woga, tukabaki na moja: "Daktari, naomba tuiangalie tena dozi hii pamoja kabla sijaitoa." Jumapili alinipigia kabla ya siku yetu. Daktari alilifungua faili, akaandika upya, na siku iliyofuata akamwomba ajiunge naye kwenye raundi ya asubuhi.