Uzee Unataka Ujana

Katiba ya Kenya, kifungu cha 260, inasema mtu akishapita miaka sitini ni mzee. Mimi nimepita. Nilipopita nikakaa barazani nikangoja, maana kifungu cha 57 kinasema mzee aishi kwa heshima na apate matunzo kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa serikali. Jamaa zangu nawajua, kwa hiyo matumaini nikayaweka kwa serikali.

Ndipo nikaambiwa pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa za kujikimu, zaanza miaka sabini.

Sasa hii kumi ya katikati mtu ni nani? Kwenye Katiba ni mzee, kwenye orodha ya chifu ni kijana mwenye afya njema arudi kazini. Hata hapa mtaani Langoni, mjini Lamu, hawajaamua. Kukiwa na kiti kimoja barazani mimi ni "kaka", nisimame tu. Kukiwa na mchango wa harusi mimi ni "mzee wetu", nianze kutoa.

Basi nilikuwa nawaonea wivu waliofika sabini. Wivu ukaniisha siku nilipoanza kumpeleka Shangazi.

Shangazi ana themanini na kitu, na hicho kitu hakisemi. Mimi ndiye mlezi wake kwenye karatasi, yaani jina langu limeandikwa pale ili yeye asipoweza kwenda, nimchukulie mimi. Na kwenda hawezi. Ila hataki nichukue pasipo yeye. "Nakuyua," huniambia kwa Kiamu, yaani nakujua, na maneno yakaishia hapo. Kwa hiyo tunakwenda wote, asiyeweza kutembea na asiyeaminika.

Msaada wa wazee upo, mimi sikatai. Wa walemavu nao upo. Tatizo ni kwamba ili uufikie unatakiwa uwe na magoti ya mcheza mpira, kibofu cha mtu wa miaka ishirini, na simu yenye chaji. Ukiwa na hivyo vyote, nakuuliza, uzee wenyewe uko wapi?

Pesa zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 mpango ulifunguliwa kwa kila aliyetimiza sabini, tajiri kwa maskini, asiwe tu anakula pensheni ya serikali. Jambo jema. Lakini hiyo elfu mbili ni elfu mbili ile ile, zaidi ya miaka kumi sasa haijasogea. Samaki wamesogea. Zamani Shangazi akizipokea alikuwa akila changu mzima. Siku hizi anakula kichwa, na mkia anauona kwa jirani.

Pesa zikiingia, mtaa mzima wajua kabla ya mwenyewe. Simu yake ni ile ya mulika mwizi, tochi yake inawaka vizuri sana lakini ujumbe haiupokei mpaka uizime uiwashe. Habari tunaletewa na muuza mahamri. Kisha muuza duka aliyekopesha unga anapita "kumjulia hali" Shangazi, na watu wa kumjulia hali siku hiyo hawapungui.

Foleni huanza alfajiri, watu wakitoka kusali wanapitiliza. Na kuna sheria ya foleni ambayo haikuandikwa popote: wazee wapishwe mbele. Nzuri. Sasa foleni nzima ni wazee, nani ampishe nani? Nimewaona kwa macho yangu mabibi wawili wakishindana umri, mmoja akimwambia mwenzake, "Wewe nalikubeba mgongoni." Mwenzake akamjibu kwamba huo mgongo basi umezeeka vibaya.

Tulipofika dirishani ikaja habari ya vidole.

Shangazi amesuka ukili maisha yake yote. Mikeka, mikoba, makawa, kila kilichosukika. Ncha za vidole vyake zimelainika, hazina mstari hata mmoja. Kijana wa pale akampa kile kidude chenye kioo cha kijani. Akaweka kidole gumba. Jaribu tena. Akaweka cha shahada. Jaribu tena. Nyuma yetu kila mtu akawa fundi: huyu anasema apanguse na kanga, yule anasema ndimu, mwingine anasema mafuta ya nazi, kuna mzee akashauri vidole vikandwe kwanza. Tukafuta, tukapaka, tukakanda. Jaribu tena. Mkono wa kulia ukaisha, tukaingia wa kushoto.

"Nyanya, huna kingine?" yule kijana akauliza. Wallahi aliuliza hivyo.

"N'na vya maguu," Shangazi akasema, na akainama kuvua kiatu.

Kilichotuokoa ni kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidogo ambacho hakukisukia kitu. Mashine ikalia tiii. Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile Shangazi hakitumii kidole hicho kwa lolote, hata kuoshea chombo anakiinua juu. Nikimuuliza, ananiambia hicho ni cha serikali.

Halafu kuna ile ya kuthibitisha kwamba bado uko hai. Hii naielewa, kuna watu walikufa wakaendelea kuchukua, na wengine hata walianza kuchukua baada ya kufa. Lakini jinsi inavyofanywa! Uje mwenyewe, uonekane kwa macho. Aliyelala kitandani miezi mitatu, atolewe aje kuonyesha kwamba hajafa, na katika kutolewa huko ndiko kunaweza kumfisha. Kijana aliyekuwa na daftari akamtazama Shangazi, akatazama kitambulisho, akamtazama tena. Shangazi akamwambia, "Babako nalimjua hajatahiriwa. Leo wewe ndiye wa kusema mimi hai?" Kijana akaandika upesi upesi. Sijui aliandika nini, lakini pesa hazijakatika.

Jirani yangu ndiye ana kisa kikubwa zaidi. Yeye ni mshona kofia, zile za mkono, kofia moja yamchukua miezi. Miguu imepooza tangu utotoni. Mtu wa kazi yake, hana makelele. Akashauriwa achukue kadi ya ulemavu. Mimi kwa kiherehere changu nikasema nitamsindikiza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mlemavu wa Kenya ana serikali mbili na zote mbili zinamwelekeza kwa mwenzake. Kadi inatolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililozaliwa na sheria ya 2003, hiyo ni serikali kuu. Lakini kabla ya kadi lazima madaktari wakupime, na hospitali ni za kaunti. Ukiuliza pesa za kujikimu, kaunti wanakwambia hiyo ni ya Nairobi. Ukiuliza ngazi ya ofisi kwa nini haina mteremko, wa Nairobi wanakwambia jengo ni la kaunti. Kila mmoja ana adabu nzuri kabisa. Anakusikiliza, anatikisa kichwa, anakuonyesha mlango, na mlango wenyewe una vidato vya kupanda.

Hospitalini tukakuta daktari mpole. Akasoma fomu, akasema, "Hebu tembea kidogo nikuone."

Jirani akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Baadaye wakafika kwenye swali la kama ulemavu ni wa muda au wa kudumu. Jirani akafikiri, maana ni mtu asiyependa kusema uongo. "Daktari," akasema, "ninao tangu nikiwa na miaka mitatu. Naona umetulia."

Kadi ikapatikana, si siku ile wala mwezi ule. Tukakaa barazani tukauliza faida zake. Mwanangu, aliyesoma, akatusomea kwenye simu: mwenye kadi anaweza kuomba asikatwe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Jirani akacheka mpaka sindano ikamdunga. Laki na nusu kwa mwezi! Alisema kwanza serikali imtafutie mwezi huo, kisha wajadiliane kodi.

Kiti cha magurudumu nacho alipata. Kililetwa na mheshimiwa mmoja, jina libaki kwake, pale Mkunguni mbele ya ngome, pamoja na vipaza sauti, hotuba na mpiga picha. Viti vilikuwa vichache na picha zilikuwa nyingi. Kiti kizuri, kinang'aa, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeishi katika mji mwingine. Hapa Amu, yaani Lamu, wewe unajua, ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili. Chini kuna mfereji wa maji machafu, kando kuna baraza, kila daka, yaani kijiukumbi cha mlangoni, lina vidato, na barabara ya gari katikati ya Mji wa Kale hakuna. Wala usiseme vichochoro vipanuliwe. Mji huu tangu 2001 ni urithi wa dunia, UNESCO wanajua kila jiwe. Nyumba ikizeeka Lamu inahifadhiwa, watu wanatoka Ulaya kuipiga picha. Shangazi akizeeka anaambiwa arudi Alhamisi.

Siku ya kwanza tulipokitoa kiti, tukakutana na punda amebeba mchanga. Punda wa Lamu hajui kurudi nyuma, hajawahi kufundishwa. Nyuma ya kiti nako kuna kidato. Tukasimama pale tukitazamana, punda, jirani na mimi, na nyuma ya punda punda wengine wanne wa tajiri yule yule. Ilibidi jirani anyanyuliwe na kiti chake apandishwe kwenye baraza la watu, na wenye baraza, kwa ukarimu, wakamletea kahawa. Alikaa pale mpaka Adhuhuri.

Na huyo punda, tafadhali, asionewe huruma. Punda wa Lamu ana hospitali yake pwani, tangu 1987, na matibabu ni bure. Akichechemea anapelekwa, anapokewa, anatibiwa kwato, anarudi kazini. Hakuna anayemuuliza kadi. Hakuna anayemwambia hebu tembea kidogo, kwa sababu ametembea kufika pale. Hata kuna mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na mwenye punda anapewa zawadi. Mimi nimemtunza Shangazi miaka yote hii, na zawadi yangu ni "nakuyua".

Jirani sasa ameamua kununua punda. Anasema hesabu inakubali: punda anapita kichochoroni, anapanda vidato, na akiugua ana daktari. Kiti cha magurudumu amekiweka ndani, chini ya dirisha, anakalia akishona kofia. Kinamfaa sana. Kina breki.

Ofisi nyingine iko ng'ambo, Mokowe. Sitaki hata kuanza habari ya boti. Nitasema tu kwamba maji ya bahari yakitoka, kutoka kwenye boti mpaka juu ya gati ni ngazi zenye utelezi ambazo mimi mzima nazipanda kwa kusoma dua, na jirani alipandishwa na mabaharia wawili mmoja mabega mmoja miguu, huku abiria wote wakitoa maelekezo. Nahodha akataka nauli ya mtu na nauli ya kiti. Tukamwambia kiti ni miguu yake. Akasema miguu ya watu wengine haichukui nafasi ya mbuzi wawili. Kwa hilo, kusema kweli, hatukuwa na jibu.

Sasa imekuja sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ya 2025, imechukua mahali pa ile ya 2003. Na mimi, maadamu nimekuwa mtu wa mafaili, nimeletewa barua ya mwaliko. Wazee na watu wenye ulemavu wanaombwa kutoa maoni yao kuhusu ufikiaji wa majengo ya umma. Saa tatu kamili asubuhi. Ukumbi uko ghorofa ya pili.

Nikamsomea jirani. Akakata uzi kwa meno, akaniambia nimpelekee maoni yake, ni mafupi: waheshimiwa washuke. Nikamwambia hilo lazima aliseme yeye mwenyewe, maana chini ya barua wameandika kwamba atakayerudishiwa nauli ni aliyefika na kutia sahihi. Akasema basi punda apatikane kabla ya siku hiyo, atapanda naye mpaka juu, atie sahihi akiwa juu ya mgongo wa punda, na anayetaka kumzuia amwonyeshe kifungu.

Mimi magoti yangu mnayajua. Nilikuwa nimeshaamua kutuma udhuru. Lakini barua ina mstari wa mwisho, nami niliusoma kwa sauti bila kufikiri: baada ya kikao kutakuwa na chakula cha mchana, biriani.

Kutoka chumba cha ndani, Shangazi, yule asiyeweza kwenda hata kwa chifu, akaniuliza viatu vyake nimeviweka wapi.