Kilomita 38,000? Pedali Inasema Mengine

Rafiki yangu kanitumia picha za gari la miaka kumi na miwili analotaka kulinunua. Chini yake kaandika: "Imetembea kilomita 38,000 tu!!!" Nikafungua picha ya ndani. Usukani unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mpira wa pedali ya breki umelika kona moja hadi chuma kinachungulia. Nikamuuliza kama mwenye gari alikuwa akiendesha amevaa viatu vya misumari.

Nimechoka na hii ibada ya namba ndogo. Piga hesabu: kilomita 38,000 kwa miaka kumi na miwili ni kama kilomita tisa kwa siku. Magari mengi ya kawaida hutembea kati ya kilomita elfu kumi na elfu ishirini kwa mwaka. Haya, wapo watu wanaotoa gari mara moja kwa wiki, wanalipangusa vumbi na kulirudisha ndani. Nakubali wapo. Ila wangekuwa wengi kama matangazo yanavyodai, barabara zingekuwa tupu.

Zamani kurudisha nyuma odomita, kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, kulitaka bisibisi na subira, na mara nyingi kazi iliacha alama: tarakimu moja imekaa juu kidogo ya mwenzake, skrubu za dashibodi zina mikwaruzo. Odomita za kidijitali, tulizoambiwa ni salama zaidi, zinachezewa kwa kompyuta na waya uliochomekwa chini ya usukani. Dakika chache tu, tarakimu zimenyooka, hakuna mkwaruzo. Au wanang'oa dashibodi nzima na kuweka ya gari lililogongwa. Kwa hiyo kwenye kesi hii odomita ndiyo mshtakiwa. Ajabu ni kwamba wanunuzi wanaingia ndani ya gari, wanamtazama mshtakiwa, wanamuuliza "umeiba?", akisema hapana wanatoa fedha.

Waulizwe mashahidi wengine. Kiti cha dereva, ule ukingo wa upande wa mlango, husuguliwa kila mtu anapopanda na kushuka. Ukikuta umebonyea na kitambaa kimechakaa huku namba inasema 38,000, mmoja kati yao anadanganya, na kiti hakina cha kufaidi. Tazama kichwa cha gia, vitufe vya madirisha, mkanda wa usalama wa dereva ulivyoanza kutoa nyuzi. Linganisha na upande wa abiria. Na mpira wa pedali mpya kabisa kwenye gari kuukuu unanitia shaka kuliko uliolika. Nani hubadilisha mpira wa pedali kwa kupenda usafi? Kava mpya ya usukani nayo ivue uone chini yake kuna nini. Muuzaji akikasirika, umeshajibiwa.

Tairi nazo husema, ukijua kuzisoma. Tafuta zile tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa pembeni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi mpya peke yake si kosa, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Lakini seti moja kwa kawaida hufika kilomita elfu arobaini au zaidi. Sasa tairi nne za kampuni nne, kila moja na mwaka wake, zimefuata nini kwenye gari ambalo halijamaliza seti ya kwanza?

Halafu fungua boneti. Hapa ndipo waongo wengi huumbuka, maana mtu makini kwenye kompyuta huwa mvivu kwenye kusafisha. Yadi moja nilikuta gari "la kilomita elfu hamsini na kitu" lenye stika ya fundi pembeni ya injini: mkanda wa taimingi umebadilishwa kwenye kilomita 101,000. Muuzaji aliisoma, akaisoma tena, akasema stika hiyo ni ya gari jingine. Ilifikaje humo, hakusema. Angalia pia fremu ya mlango wa dereva, mafundi hupenda kubandika hapo tarehe na kilomita za kumwaga oili.

Fundi mwenye mashine nzuri anaweza kusoma zaidi, kwa sababu kwenye baadhi ya magari kompyuta za breki au giaboksi hutunza kumbukumbu zake za kilomita, na mchakachuaji husahihisha dashibodi akazisahau hizo. Si magari yote, na mchakachuaji mwenye bidii hufuta kote.

Gari likiwa limeagizwa kutoka nje ya nchi, fuata karatasi. Uingereza mtu yeyote anaweza kuona bure mtandaoni usomaji wa odomita, kwa kawaida kwa maili, ulioandikwa kila gari lilipokaguliwa. Hati ya usafirishaji ya Japani huwa na usomaji wa odomita. Ubelgiji kuna Car-Pass, hati yenye kumbukumbu za kilomita za gari. Na kama odomita ni ya maili, zidisha kwa 1.6 kabla hujaanza kushangilia.

Lakini hasira yangu kubwa si kwa wauzaji. Ni kwetu. Mtu analeta gari la kilomita 180,000, ana daftari la matengenezo, kila risiti ipo, namba inapanda vizuri mwaka hadi mwaka. Tunakunja pua: "limechoka." Jirani yake aliyerudisha lake hadi 70,000 anauza kabla ya Ijumaa. Sisi ndio tunaoulipia uongo, kisha tunalia. Na hata hizo kilomita chache zikiwa za kweli, gari lililosimama miaka hukausha sili, ile mipira ya kuzuia mvujo, na diski zake za breki hushika kutu. Lile la safari fupi fupi injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye oili. Mimi nipe lile la 180,000 lenye daftari.

Anayeng'ang'ania namba ndogo, basi amwombe muuzaji aiandike kwenye mkataba wa mauziano: kilomita ni hizi, na ikithibitika si za kweli, fedha zinarudi. Wachache watachukua kalamu. Wengine ghafla watakumbuka kwamba gari hilo wanamuuzia mtu, wao hawajui habari zake.