Hujaji Anayeupa Mgongo Mji Mtakatifu

Mwezi uliopita tulimpokea mgeni wa Kihispania katika nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Mji Mkongwe, na jioni moja baada ya sala ya Isha nilimchukua barazani kwetu kunywa kahawa. Alipoulizwa habari za safari zake alisimulia kwamba ameitembea kwa miguu njia ya hija ya Wakristo inayokwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ila yeye aliianzia mwisho. Alitoka mlangoni mwa kanisa kuu la Santiago, panapoaminiwa kuwa na kaburi la Yakobo, mwanafunzi wa Nabii Isa, akatembea kilomita 780 hivi kuelekea mashariki mpaka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, mahali ambapo wengi huanzia. Wazee walimsikiliza kwa adabu, na alipoondoka wakatoa hukumu bila kusita: huyo hakuhiji, alitembea tu, kwa sababu hija ni kwenda, naye alikuwa akiondoka.

Hukumu hiyo si ya kupuuzwa. Sisi tunajua vyema kwamba mpangilio unaweza kuwa ibada yenyewe. Anayetufu, yaani anayeizunguka Kaaba kwa ibada, huiweka kushoto kwake, na akizunguka kwa upande mwingine tawafu yake haisihi. Katika sai, yaani kwenda na kurudi baina ya vilima vya Safa na Marwa huko Makka, Mtume (s.a.w.) alipoikaribia Safa alisema kwamba anaanza na kile alichoanza nacho Mwenyezi Mungu, na ndiyo maana anayeanzia Marwa mwendo wake wa kwanza hauhesabiwi. Huko Tibet, Wabudha na Wahindu huuzunguka mlima Kailash wakiuweka kuliani, na wafuasi wa dini ya Bon huuzunguka kinyume chao, hivyo kwamba imani ya mtu hujulikana kwa upande anaotokea. Kanisa nalo halimpi anayetoka Santiago kile cheti kiitwacho Compostela, ambacho hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 akielekea huko.

Hata hivyo, hiyo sai niliyoitolea ushahidi kwa upande wa wazee wangu inastahili kutazamwa mara ya pili. Kutoka Safa kwenda Marwa huhesabiwa mmoja, na kutoka Marwa kurudi Safa huhesabiwa mmoja, mpaka itimie saba. Maana yake ni kwamba katika miendo saba, mitatu hujaji anakipa mgongo kile kilima ambacho ndicho atakachomalizia, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mitatu hiyo ni matembezi. Kurudi kumo ndani ya hesabu. Bi Hajar, ambaye nyayo zake ndizo tunazozifuata, alikwenda na kurudi akitafuta maji, na kurudi kwake kulikuwa kutafuta kule kule.

Hapo ndipo ninapoona khitilafu yetu ilipo. Tawafu na sai ni ibada zilizowekewa mwelekeo. Njia ya Santiago ni barabara ya kufikia mahali pa ibada, na barabara, tangu watu waanze kwenda kuzuru kaburi lile, ilikuwa na watu wa pande mbili. Hujaji wa karne ya 12 aliyetoka Ufaransa hakuwa na treni wala ndege ya kumrudisha, kwa hiyo baada ya kusali Santiago aligeuka akarudi kwao kwa miguu ile ile iliyompeleka. Leo mtu akifika hupiga picha, hulala siku mbili, kisha huruka kurudi nyumbani kwa saa chache, na nusu nzima ya safari imefutika pasipo mtu kuona kuwa imekosekana. Mishale ya manjano inayoongoza watu, ambayo padri Elías Valiña wa O Cebreiro aliianzisha katika miaka ya 1980, huelekeza upande mmoja, na baada ya muda watu wakaamini kwamba barabara yenyewe nayo ina upande mmoja.

Mgeni wetu alikuwa na kitu mfukoni kinachosema haya vizuri kuliko mimi. Lilikuwa gamba la kombe, pana kama kiganja, lenye mifereji iliyotawanyika kama mbavu za kipepeo cha ukili, limetobolewa juu na kupitishwa uzi. Siku hizi mahujaji wengi hulining'iniza begani tangu siku ya kwanza, lakini zamani magamba hayo yalipatikana Santiago kwenyewe, na aliyeonekana nalo barabarani alikuwa ameshafika na anarudi. Alama kuu ya hija ile ilikuwa ni alama ya mwenye kuupa mgongo mji.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi, kwani wao wameipa safari ya kinyume heshima yake maalumu. Katika kisiwa cha Shikoku kuna mzunguko wa mahekalu 88, wa kilomita 1,200 hivi, unaohusishwa na mtawa Kukai aliyeishi kati ya mwaka 774 na 835. Hadithi yao inasema kwamba tajiri mmoja, Emon Saburo, alimfukuza mtawa huyo mlangoni pake, kisha akapatwa na misiba akajuta, akamfuata ili amwombe radhi. Alizunguka kisiwa mara 20 akiwa nyuma yake daima. Mara iliyofuata aligeuza njia, na ndipo walipokutana uso kwa uso. Mpaka leo wapo wanaouzunguka mzunguko huo kinyume, hasa katika mwaka mrefu kama 2024, wakiamini kwamba thawabu yake ni kubwa zaidi, na wanakiri kuwa ni kazi ngumu kwa sababu alama za njiani zimewekwa kwa ajili ya waendao upande wa kawaida.

Jambo hilo la kukutana uso kwa uso limenikalia moyoni zaidi ya mengine, na hesabu yake ni rahisi. Tuchukulie kwamba kila mji wa kituo unalaza mahujaji 200, wote wakienda mwendo mmoja. Anayefuatana nao ataondoka na hao 200, na jioni atalala na hao hao. Waliomtangulia kwa siku moja watabaki mbele yake kwa siku moja mpaka mwisho, asiwaone kamwe. Anayewajia kwa mbele hupishana njiani na 200 waliolala katika mji anaouendea, kisha jioni akifika huwakuta wengine 200 wanaoingia kutoka mji unaofuata. Hao ni 400 kwa siku, na kwa siku 30 ni 12,000. Sunna yetu inasema kwamba wachache ndio huanza kuwasalimu wengi, na mtu huyu, akiwa peke yake mbele ya makundi, ndiye mwenye wajibu wa kuanza kila mara. Tunajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) siku ya Idi alikwenda kusali kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na miongoni mwa hekima walizozitaja wanavyuoni ni kuwasalimu watu wa njia zote mbili.

Gharama yake ipo, na mgeni mwenyewe hakuificha. Kila salamu ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Wenzake wanaoelekea Santiago hufanyiana urafiki wa wiki nne, hugawana mkate na kufungana malengelenge miguuni, na yeye hakula na mtu mmoja usiku mbili mfululizo. Asubuhi jua lilimpiga machoni, na kwenye kila njia panda ilimlazimu apite, ageuke, atafute mshale uliochorwa upande wa pili wa mti. Kwa anayetafuta udugu wa msafara, ningemshauri aende na msafara.

Kuhusu cheti, kanisa lina haki yake, kwani cheti kile ni cha kufika na hakuna sababu ya kukipanua. Nisilokubali ni kuligeuza sharti la cheti kuwa kipimo cha safari nzima. Haji wetu anaposhuka uwanja wa ndege wa Kisauni tunamkimbilia, tunamkumbatia, tunamwomba dua kabla hajaingia nyumbani kwake, kwa sababu tunaamini kwamba bado yumo katika safari yake na kwamba anakuja na kitu kutoka huko. Mgeni alisema kwamba watu wa njiani walimuuliza maswali yale yale kila siku: je, baada ya kilima kile kuna maji, je, huko mbele mvua inanyesha, je, Santiago bado mbali? Yeye aliweza kuwajibu wote, kwani ndiko alikotoka.