Upepo Kwanza, Mandhari Baadaye

Wiki hii nimepakua mchezo mpya wa kuigiza uendeshaji (simuleta) wa treni za mizigo, unaosifiwa kila kona kwa uhalisia. Matone ya mvua yanatiririka kwenye kioo, kutu imechorwa hadi kwenye skrubu. Nikaunga mabehewa 100 yenye shehena, nikaanza kushuka mlima. Kufunga breki tu, treni nzima ikatulia kama gari dogo. Hasira zilinipanda na bado hazijashuka.

Treni ya mizigo ni upepo, jamani! Amerika Kaskazini bomba la breki, linalopita treni nzima, hujazwa upepo wa takriban pauni 90 kwa inchi ya mraba, na dereva hufunga breki kwa kuupunguza. George Westinghouse alibuni utaratibu huo miaka ya 1870 ili bomba likikatika, treni ijifunge yenyewe. Upungufu husafiri behewa kwa behewa: mbele breki zimeshashika, mkia bado unasukuma, na ile nafasi iliyo kwenye viungio inabanwa kwa kishindo. Tena breki hizo haziachii nusu. Ukiachia, umeachia zote, na matangi ya upepo ya mabehewa, yanayosukuma breki, yanataka muda kujaa upya. Dereva anayefunga na kuachia ovyo mteremkoni atafika mahali afunge, na treni isimsikie. Hofu hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo niliyoikosa.

Anayeona nakuza mambo akumbuke Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013. Treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliachwa mteremkoni usiku, breki za mkono zimekazwa 7 tu. Injini iliyoachwa ikinguruma ili kulinda upepo ilishika moto, ikazimwa, upepo ukavuja taratibu. Treni ikashuka bila mtu hadi katikati ya mji. Watu 47 walikufa.

Honi na taa za ishara ziko vizuri, sina neno. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba si kila mchezaji ana subira ya kungoja bomba lijae. Awekewe njia rahisi. Sisi wengine tupeni kipimo cha upepo wa mkiani kinachosema kweli, kama kile ambacho madereva hupokea kwa redio kutoka behewa la mwisho. Tupeni na breki za mkono za kukaza behewa moja moja. Mvua itangoja toleo lijalo.